Kishikio Kilichopinda Kidole Kimoja

Iko siku moja, mwanangu, ambayo ningefurahi kuisahau, lakini kila nionapo tela likivutwa na gari pale Mokowe hunirudia yote. Jana nilipita nikakuona umelala chini ya tela la kubebea mashua, nyundo mkononi, na watu watatu wamekusimamia kichwani wakikuita fundi, fundi. Ulikuwa unatabasamu. Nilitaka kusema neno, haya ikanishika, nikaenda zangu. Usiku sikulala vizuri, na leo nimejikaza nimekaa kuandika, maana mdomoni hayatoki.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilifanya kazi kwa Fundi Lali, mfua chuma wa mtaa wa Mkomani, mzee mfupi mwenye mikono mipana na maneno machache. Kazi yetu ilikuwa vyuma vya vyombo vya baharini: misumari, nanga, bawaba za usukani. Kwetu kisiwani Amu mizigo ilikwenda kwa punda na kwa mabega ya watu, kwa hiyo magurudumu niliyoyajua mimi ni ya mkokoteni na lile dogo la cherehani ya mama yangu. Lakini chuma nilikijua, au niliamini nakijua. Kikipinda, tulikitia motoni hadi kiwe chekundu, tukakigonga, tukakizamisha katika maji ya bahari kikalia chwaa, kisha tukakipaka sifa, yale mafuta ya papa yanayonuka mtaa mzima, na juu yake rangi. Chuma cha Fundi Lali kilipotoka pale huwezi kuona kilikuwa na ila gani. Nami nilipenda sana hiyo kazi ya mwisho ya kupaka. Nilikuwa hodari wa kuficha kovu.

Ng'ambo, upande wa bara, kulikuwa na Bi Mwanaesha. Alizaliwa Amu akaolewa Hindi, kile kijiji cha huko bara, na alikuwa mkunga. Nduguye mdogo, Bwana Hamadi, alikuwa dereva, na ndiye aliyempatia tela moja la ajabu: nyumba ndogo ya bati juu ya magurudumu mawili, ya kufungwa nyuma ya gari, ya wale wanaosafiri na vitanda vyao. Ndani kulikuwa na kitanda, sinki, kabati la chuma na dirisha lenye pazia. Wenyewe waliolitumia kulala walipomaliza safari zao walitaka kulitupa. Bi Mwanaesha akalipiga deki, akalitia shuka nyeupe, na tangu hapo Hamadi akawa analivuta kutoka shamba hadi shamba. Wanawake wa huko waliokuwa wakizalia penye vumbi na macho ya watu wakapata mahali safi pa kujisitiri. Walilipenda tela lile, na watoto wengi wa upande ule walizaliwa ndani yake.

Siku moja tela likaanguka katika shimo la barabara. Habari zikaja na mwenye mashua: chuma cha chini kimepinda, kidogo tu, Fundi Lali aje atazame. Fundi Lali alikuwa na kazi ya lango huko Shela aliyoahidi kuimaliza siku hiyo. Akanitazama, akaniambia, "Enda wewe ukatazame. Usiguse. Tazama kisha uye unambie."

Mwanangu, aliniambia nisiguse. Sikumsikia vibaya, wala sikusahau.

Nikavuka na mfuko wa nyundo, na mtungi mdogo wa gesi nao nikauchukua. Nilijiambia nauchukua kwa tahadhari. Fundi Lali angeuona begani mwangu angenirudisha, ndiyo maana nilipita kichochoro cha nyuma.

Nilipofika Mokowe, gatini upande wa bara, nilikuta watu wamelizunguka tela. Bi Mwanaesha, mwanamke mrefu, buibui lake limefungwa kiunoni kama mtu aliye kazini, akaniona na nyundo zangu, akasema, "Haya, mpisheni Fundi." Hakuna aliyewahi kuniita Fundi kabla ya siku ile. Mtaani nilikuwa kijana wa Fundi Lali, basi. Watu wakapisha. Nikajiona nimeota urefu.

Nikalala chini nikatazama. Ilikuwa hivi. Springi, zile bamba za chuma zilizolaliana ambazo hubeba uzito wa tela, ncha yake ya mbele huingia katika kishikio kilicholehemiwa kwenye fremu, na bolti hupita katikati. Kishikio cha kushoto ndicho kilichopinda kuelekea ndani, upana wa kidole kimoja hivi. Springi yenyewe haikuwa na kitu. Bwana Hamadi akachuchumaa kando yangu. Alikuwa mtu mpole, mwenye kusema taratibu hata ungemdhania anaomba ruhusa.

"Fundi," akaniambia, "tairi hili la kushoto lalika upande wa ndani. Nimeliona tangu yuzi, ndiyo nikasema tusende popote. Hatuwezi kuitoa springi kwanza?"

Hebu tazama. Dereva ameona tairi linalika upande mmoja, amesimamisha gari, ametuma mtu kwa fundi, na swali aliloniuliza ndilo swali lenyewe. Nami nikacheka. Nilicheka kwa sauti ili wale waliosimama wasikie, nikamwambia, "Bwana Hamadi, wewe shika usukani. Chuma niatie mimi."

Watu wakacheka naye akacheka nao, akainama. Nikitaka kujichukia hata leo, nakumbuka alivyoinama.

Kwa nini sikuitoa springi? Nitakuambia ukweli. Sikujua jinsi ya kuitoa. Sikujua bolti ipi ianze wala tela litashikwaje lisiniangukie, na ningeanza kubabaika mbele ya watu wangejua kuwa mimi si fundi. Basi nikakitia moto kishikio pale pale kilipo, springi imo ndani. Kilipokuwa chekundu, na ncha ya springi nayo imekuwa nyekundu pamoja nacho, nikagonga. Kikarudi mahali pake vizuri kabisa. Wakati huo Bwana Hamadi alikuwa amekwenda kuswali adhuhuri, na wengi wamemfuata. Nikateka maji ya bahari kwa kopo, nikamwagia. Chwaa. Kama bawaba ya usukani.

Wewe umesoma, unajua zaidi yangu. Chuma cha bawaba zetu ni laini, huvumilia. Springi ni chuma kigumu cha namna nyingine, ukiitia moto hivyo kisha ukaimwagia maji, inakuwa kama gilasi. Mimi sikujua. Lakini kutojua si kosa langu kubwa, na nisingekuandikia kwa ajili ya hilo. Nilipomwagia maji nilisikia mlio mdogo, tik, ambao sikuwahi kuusikia katika bawaba. Nikatega sikio. Haukurudi. Nikachukua sifa nikapaka, nikapaka rangi nyeusi juu, hata watu waliporudi kutoka msikitini wakakuta kishikio kinang'aa.

Bi Mwanaesha akauliza, "Litakwenda, Fundi?"

"Litakwenda, Bi. Hata Mombasa na kurudi."

Kwetu kuna desturi, labda hukuikuta: fundi aliyetengeneza chuma cha usukani hupanda chombo hicho safari yake ya kwanza. Hamadi, mtoto wa Amu, akaikumbuka. Akasema, "Hupandi nasi, hata mpaka Hindi?" Nikasema kuna arusi nyumbani, nasubiriwa. Arusi ilikuwa kweli, ya binamu yangu, lakini ilikuwa kesho yake. Ule mlio ulikuwa bado sikioni mwangu.

Kwa Fundi Lali nilisema nimekinyoosha kwa moto kidogo. Akanikazia macho. "Ulitia mai?"

"Hapana," nikasema, "maji sikutia." Akanikemea kwa kugusa nilichokatazwa, kisha akarudi kwenye kazi yake. Aliniamini, maana sikuwahi kumdanganya.

Siku ya nne, mchana kweupe, tela lilipinduka kwenye barabara ya Witu. Ndani mlikuwa na mwanamke aliyeshikwa na uchungu, nao walikuwa wanamkimbiza apate daktari kwa sababu mtoto amekaa vibaya. Bi Mwanaesha alipanda humo humo telani, hakukubali kumwacha peke yake. Ncha ya springi ilikatika, gurudumu likarudi nyuma, tela likaenda upande. Bi Mwanaesha alimkumbatia yule mzazi kwa mkono mmoja, na mkono wa pili, wa kulia, kabati la chuma likauangukia. Mtoto alizaliwa pale majanini mwa barabara kwa mikono ya mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na kuni, Bi Mwanaesha amelala kando anamwelekeza kwa maneno, mkono wake umesagika. Mtoto alitoka salama na mama salama. Mkono ule haukufumba tena. Mkunga, mwanangu, mkono wa kulia.

Niliposikia nilivuka mbio. Nilimtangulia Fundi Lali. Tela limelala ubavu, nikatambaa nikaiona ncha ya springi iliyokatika, na pale ilipokatika palikuwa peupe, chembechembe, kama sukari. Fundi Lali angeitazama mara moja tu angejua. Nikaifunga katika kikoi changu. Nilipokuwa narudi Amu niliitupa katikati ya mlango wa bahari, wenye mashua wakidhani natupa ganda la embe.

Kabla ya hapo, Fundi Lali alipofika pale barabarani, akauliza ncha iko wapi, nikasema imepotea majanini. Akatafuta mwenyewe, mzee yule, kwa magoti, katika jua. Nami nikatafuta pamoja naye.

Basi watu wakakaa kuulizana sababu. Fundi Lali akaulizwa, na yeye akajibu kwa haki kwa yale aliyoyajua: kama chuma hakikutiwa maji, basi springi imekatwa na mwendo na mashimo. Watu wakamgeukia Hamadi. Wakamwambia, ulikwenda mbio. Mzazi alikuwa analia ukababaika ukakanyaga mafuta. Yeye akasema hakwenda mbio. Wakasema, basi imekatika yenyewe? Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake. Aliniangalia mara moja, si kwa kunishuku, aliniangalia kama mtu anayetafuta mtu wa kumwambia ndiyo, kweli, hukwenda mbio. Nikatazama viatu vyangu.

Bi Mwanaesha hakusema naye tena. Mama yao, bibi mzee aliyekuwa akiishi Amu mtaa wa Langoni, alimwambia mbele ya majirani kwamba amemkata dada yake mkono. Hamadi akarudisha gari kwa tajiri aliyekuwa akimwendeshea, akahamia kisiwani Kiwayu kwa jamaa za mkewe, akawa anauza chai na mahamri kwa wavuvi. Nami nikaendelea kuitwa Fundi.

Ilikwenda hivyo miaka sita. Utaniuliza nililalaje. Nililala, mwanangu, na hilo nalo ni aibu. Nilioa, nilicheka, nilikwenda kwenye maulidi nikatikisika na wenzangu. Kulikuwa na siku nyingi nzima ambazo sikumkumbuka Hamadi kabisa.

Kisha mamako akashikwa na uchungu wa kifunguamimba wetu, nduguyo mkubwa, na nani akaja? Bi Mwanaesha. Alikuwa amehamia Amu, anafundisha mabinti wawili kazi yake, maana mwenyewe hawezi tena. Nilisimama ukumbini nikimsikia ndani akisema, si kwa mkono, kwa sauti tu: shika hapa, ngoja, sasa. Asubuhi nzima sauti ile. Karibu na adhuhuri mtoto akalia. Akatoka amempakata kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ameuficha ndani ya buibui, akaniambia, "Haya Baba, mwadhinie mwanao."

Nikamchukua. Nikaweka mdomo kwenye sikio lake la kulia nipate kumwadhinia, neno la kwanza la kweli analolisikia duniani, na sauti haikutoka. Nilijaribu mara mbili. Bi Mwanaesha akadhani ni furaha, akacheka. Nikaadhini kwa kulazimisha, nikamrudisha mtoto kwa mamake, nikatoka nikamkuta Bi Mwanaesha anavaa viatu mlangoni, na pale pale mlangoni nikamwambia yote. Moto, maji, ule mlio, ile ncha baharini. Nilikuwa nalia hata sikuona uso wake.

Alikaa juu ya kibaraza. Kisha akasema, "Mkono ni wangu, wa mkono nitayua mwenyewe na Mola wangu. Lakini la Hamadi si langu kumsamehea mtu. Miaka sita sikumpa salamu ndugu yangu wa tumbo moya." Akainuka. "Ndia ya Kiwayu waiyua."

Nilipita kwanza kwa Fundi Lali, wakati huo amekwisha kuzeeka, hafui tena. Nilidhani atanipiga au atanilaani. Alinisikiliza akitazama sakafu, akasema, "Ungenambia siku ile ile, ningekutia kofi moya, tukarudi kazini." Akageuza uso ukutani. Hakunifukuza wala hakunikaribisha chai, na mpaka alipofariki hakuniita tena kwa jina langu.

Kiwayu nilimkuta Hamadi anakosha vikombe. Alikuwa amekonda, ndevu nyeupe kabla ya wakati wake. Alinikaribisha vizuri, akaniuliza habari za Amu, za arusi ya binamu yangu hata, aliikumbuka. Nikamwambia asinimiminie chai, anisikilize kwanza. Nikasema.

Nilipomaliza akauliza, "Basi si mimi?"

"Si wewe, Bwana Hamadi."

"Naliyua nakwenda polepole," akasema. "Siku ile naliyua. Lakini watu waliposema, na mama aliposema, nikaanza kukumbuka kuwa nalikwenda mbio. Hata mguu wangu waukumbuka ule mkanyago. Kila swala naomba toba ya mwendo ambao sikwenda." Akachukua kikombe alichokwisha kukikosha, akakikosha tena.

Nikampigia magoti. Nikamwambia aseme analotaka, nitafanya. Nitasimama Mokowe mbele ya watu niseme, nitasimama Langoni mlangoni pa mama yake.

"Mama amekufa mwaka yana," akasema. "Amekufa akiyua ni mimi."

Sikuwa nimejua. Msiba ulipita Langoni mimi nikiwa Shela kikazi, na niliporudi hakuna aliyenitajia aliyekufa ni nani.

Nilisimama Mokowe nikasema, baada ya swala ya Ijumaa, watu wakiwa wengi. Wengine walinitukana, na walikuwa na haki. Nilisema Langoni pia. Bi Mwanaesha alimwendea nduguye kwa miguu yake, akamkuta kwenye gati ya Amu anashuka kutoka Kiwayu, wakashikana wakalia, na mimi nilisimama mbali. Hamadi alinisamehe kwa mdomo, naamini alijitahidi na moyoni. Usukani hakuushika tena mpaka leo. Na kuna mtu mmoja ambaye nilipaswa kumwambia kuliko wote, naye sikumwambia, wala sina pa kumwambia. Nimemsomea Fatiha mara nyingi. Nasoma, na katikati ya kusoma huona haya, nikanyamaza, nikaanza upya.

Sasa sikia ninalotaka kukuambia, mwanangu. Ukiletewa tela kishikio kimepinda, hata kwa kidole kimoja, usiangalie kidole, angalia chote. Litie mawe chini, toa springi, tazama palipolehemiwa kama pana ufa, pima kutoka kwenye ndoana inayofungwa garini mpaka kila ncha ya ekseli ya magurudumu, pande zote mbili ziwe sawa. Springi usiitie moto hata kidogo. Na dereva akikuambia ameona kitu, mshukuru, usimcheke. Hayo ni ya chuma, na ya chuma utajifunza.

Lililobaki hufundishwi na mtu. Kama hujui, sema mbele ya hao watatu waliokuita fundi, sijui, ngojeni nikamwulize anayejua. Utaona haya kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Na ukikosea, maana utakosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mwingine hajabebeshwa kosa lako, na kabla hawajaanza kufa watu ambao ulipaswa kuwaambia. Mimi niliikimbia aibu ndogo ya mchana mmoja, nikapata hii ambayo nina miaka sabini na bado naiandika.

Mola akufungulie mikono yako na riziki yako. Akupe ulimi mwepesi wa kusema nimekosa, na akukutanishe na watu wa kukusamehe wakiwa wangali hai. Kila utakachokitengeneza kimfikishe mtu kwake salama. Amin. Na hilo tela la mashua la jana, tafadhali, kabla halijaondoka kesho, rudi ukalitazame tena.